Mpiga Gitaa Nyuma ya Pazia

Ukitaka kumuudhi Suhail Makungu, mwite Suhail. Tangu ujana wake anajiita Sully Mack, jina alilojibandika mwenyewe siku zile nywele zake zilipokuwa zinagusa mabega, na dada yake Mwanakhamis hajalitamka hata siku moja. "Baba yetu alichinja mbuzi wawili Unguja kwa ajili ya jina la Suhail," husema. "Huyo Mack hakuchinjiwa hata kuku."

Mwanakhamis anakaa Acocks Green, mtaa wa nyuma ya stesheni, na kazi yake ni kufua na kupiga pasi katika nyumba ya kulelea wazee. Waswahili wote wa Birmingham wanaujua ulimi wake, kwa sababu ndiye anayeshika maikrofoni kwenye shughuli za wanawake, na akishika maikrofoni hakuna shoga anayetoka salama. Lakini mtu anayemweka kwenye ulimi kuliko wote ni huyo mdogo wake. Ana haki. Maisha ya Suhail ameyafua yeye, doa moja moja, na mengine hayakutoka.

Walikuja Uingereza pamoja na baba yao, Suhail akiwa na miaka mitano. Baba akaingia kiwanda cha magari, zamu ya usiku, akidhani mwanawe wa kiume atakuwa mhandisi. Kijana akawa anashinda mtaa wa Newtown kwenye duka la redio na spika la Charanjit, Singasinga wa Nakuru, ambaye alimwazima gitaa bovu akalipiga mpaka likasahau ubovu wake. Charanjit alimwita Mwanakhamis siku moja aje asikilize.

"Dada, hii kijana iko na mikono mzuri kabisa," alisema.

"Mikono anayo," Mwanakhamis akajibu. "Kichwa ndicho tunachokitafuta."

Kichwa hakikupatikana, ila mikono ilimfikisha mbali. Bendi ya Cinder Parish ilimchukua ikiwa bado inapiga kwenye vyumba vya nyuma vya baa, Waingereza wanne na Suhail wa tano, na haikupita miaka mingi wakawa wanajaza viwanja. Blues zao zilikuwa na kelele za vyuma, na Suhail ndiye aliyezitia chozi ndani yake. Lililo haki lisemwe: alipiga. Hata baba yao, aliyekuwa akizima televisheni kila muziki unapoanza, alikuwa anachelewa kidogo kuizima.

Halafu akaacha bendi. Na aliacha kwa ajili ya nini? Watu huacha bendi kwa maradhi, au kwa sababu wamemrudia Mola wao, au kwa kudhulumiwa haki zao. Suhail aliacha kwa ajili ya taa. Usiku mmoja uwanjani, mbele ya halaiki ya watu, ilipofika zamu yake ya kupiga peke yake, fundi wa taa aliiacha taa kubwa juu ya mwimbaji, na mwimbaji wakati huo alikuwa anakunywa maji. Watu wote wakamwona mwimbaji akinywa maji. Suhail akapiga gizani. Alipoteremka jukwaani alifunga gitaa lake kwenye sanduku, akawatangazia wenzake kwamba bila yeye hakuna bendi, akapanda teksi akaenda zake.

Alikaa ndani akisubiri waje wambembeleze. Hawakuja. Walimchukua kijana mmoja wa Coventry, na wimbo wa kwanza waliorekodi na huyo kijana ukavuma kuliko zote walizopiga na Suhail. Ukawa unasikika mpaka kwenye supamaketi. Suhail akiusikia huacha kikapu chake pale pale kati ya mchele na maharage, akatoka nje kama aliyesikia king'ora cha moto. Mwanakhamis naye akajifunza kuuimba. Hakuupenda hata kidogo, lakini mdogo wake akija kula Ijumaa, yeye huupigia mluzi jikoni, polepole, kuanzia mwanzo mpaka kituo.

Basi akaanzisha bendi yake mwenyewe, akaiita kwa jina lake mwenyewe, akatoa albamu yenye picha yake mwenyewe. Uso mtupu, kutoka kidevuni hadi ukingo wa kofia yake ya pama. Hata gitaa halikupata nafasi. Maboksi ya albamu hiyo yaliletwa kwenye banda la bustani kwa Mwanakhamis, yakae kidogo tu. Yapo mpaka leo. Konokono wa Acocks Green ndio wasikilizaji wake waaminifu kuliko wote.

Akazunguka. Ujerumani, Uholanzi, Ubelgiji, miji ambayo hata wenyeji wake wanataka kuhama. Alipiga mbele ya wanaume wenye vipara na magoti mabovu, ambao baada ya shoo walimfuata mmoja mmoja kumuuliza yule mwimbaji ni mtu wa namna gani. Wapiga ngoma walimkimbia, maana alikuwa akiwakemea kwa kupiga kwa nguvu wakati yeye anafikiri. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wake ulikuwa Wolverhampton. Huko kulikuwa na kikundi kinachoiga nyimbo za Cinder Parish kwenye sherehe za watu, na kikamwomba ajiunge nacho, aigize nafasi yake mwenyewe. Akakubali! Mtu aliyeikataa bendi yenyewe akaikubali nakala yake. Watu wakalalamika kwamba mpiga gitaa hapigi kama kwenye rekodi, kwa sababu rekodi waliyoijua wao ni ya yule kijana wa Coventry, na wenye kikundi wakamwondoa kwa adabu. Suhail Makungu alishindwa kazi ya kujifanya Suhail Makungu. Mwanakhamis aliposimuliwa habari hiyo alicheka mpaka akakaa chini kwenye zulia.

Lakini yote hayo angeyasamehe. Kiburi ni mali ya mtu, abebe mwenyewe. Asilolisamehe ni la Asmahan.

Asmahan ni binti ya Suhail. Mama yake alifariki mtoto akiwa mdogo wa kubebwa, na mwezi haujaisha Suhail akaja Acocks Green na mtoto mkono mmoja na sanduku la gitaa mkono wa pili.

"Dada, wiki mbili tu," alisema. "Nina shoo Rotterdam."

Wiki mbili hizo zilimwona mtoto akiota meno ya pili, akianza shule, akivaa hijabu ya kwanza, akihitimu ufamasia. Ng'ombe haelemewi na nunduye, na Mwanakhamis hakulalamika kwa kumlea. Alilalamika kwa kumsubirisha. Kila mwaka alimvika mtoto gauni zuri siku ya kuzaliwa kwake, wakakaa dirishani, na baba akapiga simu kesho yake. Zawadi alizoleta zilikuwa fulana zenye uso wake, saizi ya mtu mzima. Mtoto akazifanya nguo za kulalia. Na katika miaka yote hiyo Suhail hakuwahi kumpigia binti yake gitaa. Asmahan alimsikia baba yake kwenye kompyuta, na mara moja redioni. Kukaa naye, akalishika gitaa akampigia yeye, hapana. Alipiga mahali penye kiingilio.

Sasa Asmahan ameposwa na Yasir, kijana mpole wa Nechells, mtoto wa Bi Rehana. Siku zimekaribia, Mwanakhamis yupo jikoni anakata manda za sambusa, na msichana amesimama mlangoni akivuta mikono ya sweta.

"Shangazi, I want Dad to play at my party."

Kisu kikasimama. "Baba yako? Kwenye shughuli ya wanawake? Watu wamevua mabuibui, wameachia nywele zao, umwingize mwanamume na kofia lake?"

"Behind a pazia. You told me yourself, zamani walifanya hivyo."

Ni kweli alimwambia. Zamani kwao, kwenye shughuli za watu wenye kujisitiri, wapigaji wanaume walitengwa kwa pazia: wasikike, wasione wala wasionekane. Mwanakhamis akajuta kuwa na mdomo.

"Mwanangu, baba yako aliacha bendi iliyokuwa inamlisha kwa sababu ya taa. Leo umweke nyuma ya pazia? Si atalitoboa?"

"I don't want anything else," alisema Asmahan. "Sitaki gold, sitaki limousine. I want him to play for me. Once. Na usimwambie mtu ni nani, Shangazi. I just want to sit there and know."

Mwanakhamis alirudi kwenye manda zake, na moyoni akajua kwamba amekubali, na kwamba mtoto huyu akiumizwa siku ya harusi yake hatamsamehe Suhail duniani wala akhera.

Alimfuata Newtown kumpa masharti. Suhail anakaa huko kwenye jengo refu la halmashauri, chumba kimoja chenye picha zake ukutani, na alimkuta amekaa kitandani na kofia kichwani. Kofia hiyo haikuvuliwa hata kwenye hitma ya baba yao.

"Hutatoka," Mwanakhamis alianza. "Hutachungulia. Hutasema neno kwenye maikrofoni, wala hutajitaja jina. Wanawake hawatajua ni wewe. Asmahan tu ndiye atakayejua. Unanisikia? Unampigia yeye."

Suhail aliinamisha kichwa, akafikiri sana, mpaka dada yake akadhani maneno yamemgusa.

"Sister," alisema mwishowe, "kutakuwa na taa?"

"Taa ya nini, nyuma ya pazia?"

"Kidogo tu. Ya mood. I can't play kwenye dead light."

"Mood!" Mwanakhamis akainuka. "Baba yako alifunga nati za magari usiku kucha chini ya taa za kiwanda, na mood hakuiuliza. Utapiga kwa taa iliyopo, na kama haipo utapiga kwa macho ya moyo, kama unayo."

"I'll do it," alisema Suhail. "Ni mwanangu."

Neno hilo likamkera kuliko la taa. Watu wengine hulitumia neno mwanangu kama mwavuli wa kuazima.

Siku ikafika, Jumamosi ya mawingu. Ukumbi upo Nechells, kati ya ghala la matairi na karakana ya mafriji, nje hakuna cha kutazama, lakini ndani wanawake walikuwa wameupamba ukapambika: vitambaa vya dhahabu, udi unafuka, na mwisho wa ukumbi jukwaa lenye kiti cha bibi harusi. Pembe ya pili, mbali na jukwaa, ndipo palipotengwa pa mpigaji. Charanjit, ndevu nyeupe sasa, alileta spika zake na kufunga pazia kwa mikono yake.

"Mama, mimi nafunga pazia mbili mbili," alisema akijifuta jasho. "Hata upepo hawezi pita."

"Upepo siuogopi, Charanjit. Namwogopa mtu."

Charanjit akaondoka kabla wanawake hawajaanza kuvua mabuibui. Suhail akaingizwa kwa mlango wa nyuma, akakaa kwenye kiti cha plastiki na gitaa lake na kimashine cha kupigia ngoma, na Mwanakhamis akasimama kwenye upenyo wa pazia, nusu ya mwili ndani na nusu nje. Yeye ni dada yake, ana ruhusa ya pande zote mbili, na alikusudia kusimama hapo kama askari wa mpakani.

Asmahan akaingizwa, kiganja kwa kiganja na somo wake, mama aliyemfunda, vigelegele vikaupasua ukumbi. Alipoketi, Suhail akaanza.

Tumseme mtu kwa ubaya wake, na kwa wema wake pia tumseme. Alianza chini, nyuzi nene tupu, kisha akapanda taratibu, blues yenyewe lakini imefungwa kanga kiunoni, na wanawake walioenda kuchukua sambusa wakasahau sambusa. Wazee wakaanza kutikisa mabega wamekaa. Bi Rehana, mama wa bwana harusi, mwanamke mkubwa mwenye dhahabu mpaka viwiko, akamsogelea Mwanakhamis.

"Shoga, hiyo CD umeipata wapi? Tamu hiyo!"

"Si CD. Ni mtu."

"Mtu gani?"

"Mpigaji tu," alisema Mwanakhamis, na akaona raha kulisema. Kisha akatupa jicho ndani, akitegemea kumkuta ndugu yake amenuna. Hakununa. Alikuwa amefumba macho, anapiga. Hakuchungulia, hakudai taa. Nyimbo zikapita moja baada ya nyingine, na Suhail akabaki pale pale kwenye kiti chake cha plastiki, na huko jukwaani Asmahan alikuwa ameketi kama bibi harusi anavyoketi, ila pembeni mwa mdomo wake kulikuwa na tabasamu ambalo shangazi yake alilijua tangu utotoni. Mwanakhamis akaanza kusikia kitu asichokizoea, kama aibu ndogo. Akajiuliza kama labda amemhukumu mtu kwa muda mrefu kupita kiasi.

Ndipo kutunza kulipoanza. Mwanamke akiguswa na wimbo haketi nayo hisia hiyo. Huinuka, akacheza mpaka mbele ya mwimbaji na noti mkononi, akamtunza mbele za watu. Hapa mwimbaji hakuwepo, lilikuwepo pazia. Bi Rehana hakubabaika. Alicheza mpaka pembeni, mikufu ikilia, akapenyeza mkono na noti yake kwenye upenyo wa pazia, na watu wakashangilia.

Suhail, ambaye harusi ya kwao hakuwahi kukaa mpaka mwisho, aliona mkono wa mwanamke unatokea. Akaushika mkono wote akautikisa. "Thank you, darling!"

Bi Rehana alitoa yowe, akauchomoa mkono kama aliyegusa pasi. Wanawake wakacheka mpaka kushikana. Mwanakhamis akaingiza kichwa ndani.

"Chukua noti, acha mkono! Huyo ni mama mkwe wa mwanao, mpumbavu wee!"

"Sorry, sorry. They love it, though," alisema Suhail. "Unawasikia?"

Kuanzia hapo uso wake ulibadilika. Mikono ikaja mingine, ya hina na ya bangili, ya wazee na ya wasichana, na yeye akawa anazipokea noti kwa ncha za vidole kama alivyofundishwa, lakini kila mkono akiuambia thank you, darling, kwa sauti nzito aliyoiokota kwenye rekodi za Kimarekani. Macho hayakufumbwa tena. Alikuwa anautazama upenyo, anausubiri mkono unaofuata. Akaongeza sauti ya spika. Akaanza kupiga vile vipande vya zamani, vya viwanjani, akiinua shingo ya gitaa juu kana kwamba kuna mtu anamwona. Mwanakhamis aliyatazama hayo, na ile aibu yake ndogo ikaanza kukauka.

Kisha ukumbi ukanyamaza ghafla. Asmahan alikuwa ameinuka.

Bibi harusi hainuki. Huketi, macho chini, akatazamwa. Kazi yake siku hiyo ndiyo hiyo. Lakini Asmahan alishuka jukwaani peke yake, akishika pindo la gauni kwa mkono mmoja na mkono wa pili ana noti aliyopewa na somo, akaukata ukumbi wote. Wanawake walipoelewa kwamba anakwenda kumtunza mpigaji, vigelegele vikalipuka upya. Alifika kwenye pazia akamtazama shangazi yake. Macho yalikuwa yamejaa machozi na anacheka.

Akapenyeza mkono.

Mwanakhamis akaushuhudia mkono ule ukiingia upande wa ndani: hina mpaka kiwikoni, pete mpya, na vidole virefu vyembamba ambavyo havikuwa vya ukoo wa mama yake. Vilikuwa vidole vya Suhail mwenyewe, amevitoa vile vile. Miaka yote hiyo Mwanakhamis alikuwa amesubiri mdogo wake aumbuke, na sasa, wallahi, alimwombea asiumbuke. Mjue, alisema moyoni. Mpumbavu, mjue.

Suhail aliipokea noti. Akavishika vidole vile, akavibusu, na akauliza kama anavyowauliza wanunuzi wa CD zake kabla ya kutia saini:

"And what's your name, darling?"

Sauti ikaja kutoka nje ya pazia, tulivu, kama ya mtu anayejibu kaunta ya benki.

"Asmahan."

"Lovely name," alisema Suhail. "My daughter's called that." Akaichomeka noti kwenye ukanda wa kofia, akalirudia gitaa lake.

Mkono ukatoka. Mwanakhamis akaufunga upenyo wa pazia kwa mkono wake mwenyewe. Asmahan alirudi jukwaani kwa mwendo ule ule aliojia, akaketi, akainamisha kichwa mpaka taji likateleza, asimtazame mtu yeyote. Na wanawake wakaguswa sana, wakaambizana mashallah, tazama bibi harusi alivyo na haya.